Mzinga Mmoja Kwanza

Hapana, mama mdogo, simsemi. Naandika tu. Na kama mtu mzima hasemwi, basi na yeye mtu mzima asifanye ya kusemwa.

Hivyo ndivyo nilivyomjibu leo jioni akiwa mlangoni anapepeta mchele, na yeye akanirudishia kwamba tangu nimalize fomu foo mdomo wangu umekuwa mkali kuliko akili. Alikuwa amechungulia daftari langu wakati natoa nguo kwenye kamba. Akaona neno "mwongo." Akauliza mwongo nani, nikasema mzee wa asali. Akaweka ungo chini.

"Mzee wa watu anaumwa kansa, wewe umekaa unamwandikia mwongo? Akifa kesho je?"

Akifa kesho atakufa mwongo. Hilo sikulisema, nililimeza. Na alichofanya mzee sijamwambia, maana ningempa silaha. Tangu aje kutoka Kasekese kumuuguza mama, kila siku wimbo wake ni kwamba mgonjwa hatembezwi. Kwa hiyo naandika hapa, na naanza na mazuri yake, asije mtu akasema nimemwonea.

Mtaa mzima unamwita mzee wa asali. Jina lake nalijua ila sijawahi kulitumia, na nikianza leo nitaona kama namzungumzia mtu mwingine. Yeye Mkonongo, sisi Wasukuma, kwa hiyo yeye na mama wanataniana, na kwa utani huo anaingia kwetu bila hodi tangu nina meno ya utoto. Anasimama uani anauliza, "Nyie wafuga ng'ombe, bado mpo? Nilidhani mmeshahamia Zambia na mifugo yenu." Mama anamjibu, "Tupo, tunasubiri nyie wala masega mfe kwanza, turithi msitu." Wanacheka. Halafu anakaa juu ya kinu kilichopinduliwa. Ukimletea kiti anakataa. Anasema kiti kinamzoesha mtu vibaya.

Shati lake linanuka moshi hata likiwa limetoka kufuliwa. Anaongea polepole mpaka unatamani umsaidie kumalizia sentensi. Mimi nilikuwa namsaidia, na yeye akishaona nimemalizia alikuwa anaanza upya kutoka mwanzo, makusudi, anitie adabu. "Nyuki hamwelewi mtu mwenye haraka," alikuwa ananiambia. "Wewe wangekumaliza."

Mizinga yake iko upande wa Ugalla, ile ya magogo, inaning'inia juu ya miti. Enzi za nguvu zake alikuwa anashuka kwenye lori anaingia porini kwa miguu, siku mbili, mzinga begani. Lakini hapa mjini alikuwa anapanda boda kwenda kununua kiberiti. Duka lenyewe ukiita kutoka kwake wanaitika. Nikamuuliza, babu, porini siku mbili unatembea, hapa hatua mia zinakushinda? Akasema, "Hapa mbele hakuna kinachonisubiri, mjukuu. Miguu haiendi bure." Nilicheka sana siku hiyo. Nilipaswa kusikiliza.

Kuna kitu kingine nilikuwa nakipenda kuliko vyote. Asali ya pori ambalo hajawahi kurina hakuwa anaionja mwenyewe. Alisema miti mingine maua yake yanatoa asali chungu, na mingine asali yake inazungusha kichwa. Basi alikuwa anakuja na kikopo kidogo, anasimama uani, anaita, "Mwonjaji wangu yuko wapi?" Natoka mbio. Ananiwekea kijiko kimoja ulimini, halafu anakaa kwenye kinu ananitazama. Nilikuwa na miaka saba, minane. Shuleni niliwaambia wenzangu kwamba mimi ni mwonjaji wa asali, kama vile nimepewa cheo cha serikali. Leo, nikiwa nasukuma baiskeli kurudi nyumbani, ndipo nimejiuliza alikuwa ananitazama nini.

Na alikuwa na neno lake moja, watu wote wa hapa wanalijua. Mzinga mmoja kwanza. Ukipata pori jipya, anasema, usipeleke mizinga yote. Tundika mmoja, ondoka, urudi msimu ukipita. Nyuki wakiingia wakajaza, peleka mingine. Wasipoingia umepoteza gogo moja tu. Neno hilo alikuwa analiweka kwenye kila jambo. Mbegu mpya ya mahindi ilipokuja alimwambia mama apande mistari miwili aone. Mama akapanda shamba zima, yakaliwa na wadudu, na mzee hakumcheka, alikaa tu akatikisa kichwa. Mimi nilipotaka kuacha kila kitu niende Dar kutafuta maisha, aliniambia niende kwanza wiki mbili kwa shangazi. Nilienda wiki moja, nikarudi. Kwa hiyo siyo mjinga. Mtu angekuwa mjinga nisingeumia hivi.

Ugonjwa uliwakuta karibu wakati mmoja. Mama titi la kushoto, yeye tezi dume. Mama alifanyiwa upasuaji kwenye hospitali kubwa ya mbali, halafu akaanza dripu za dawa ya kansa kila baada ya wiki tatu. Mzee alienda hospitali hiyo hiyo baada yetu, yeye akapangiwa sindano. Wote wawili walirudi na karatasi inayofanana, yenye picha ya mtu anatembea.

Karatasi ya mama nilielezewa mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa naandika maelekezo. Dada wa mazoezi wa pale hospitali, mwenye raba nyeupe, alinikalisha akaniambia uchovu wa dripu siyo kama uchovu wa kulima. Wa kulima ukilala unaisha. Huu ukiulalia unaongezeka. Atembee kila siku, kidogo kidogo, kwa mwendo ambao bado anaweza kuongea. Akiwa na homa au kizunguzungu au kifua kinabana asiende, aje hospitali. Na ule mkono wa upande uliokatwa apandishe vidole ukutani kama mtu anayepanda mti, kila siku, usije ukakakamaa. Nikamuuliza, dada, kwa hiyo kutembea kutaondoa uvimbe? Akasema hapana, usije ukamdanganya mama yako. Uvimbe unashughulikiwa na dawa. Kutembea kunamwezesha mtu kuibeba dawa.

Nikaja nyumbani na hayo maneno kama nimebeba mayai. Nani alinisikiliza. Kwetu mtu akiumwa analazwa, ndiyo mapenzi yenyewe. Godoro linaletwa sebuleni, wageni wanakuja wanakaa wameshika tama, na mgonjwa akionekana ameshika fagio ni aibu ya watoto wake. Mama mdogo alimnyang'anya mama hata kikombe, akawa anamnywesha. Mama alilala wiki tatu. Miguu yake ikawa myembamba, chakula hataki, usiku hapati usingizi kwa sababu mchana kutwa amelala. Namsomea karatasi, anageukia ukutani. "Niache mwanangu, nimechoka." Nilikuwa napiga kelele, nakiri. Nilimpigia mgonjwa kelele.

Ndipo akaja mzee. Alikaa sakafuni, karibu na godoro. Hakuuliza unajisikiaje, kama wengine wote.

"Wewe Msukuma. Ng'ombe wako akiumwa akalala chini siku tatu, mnafanyaje?"

Mama akageukia ukutani.

"Nakuuliza wewe, mimi sina ng'ombe."

"Tunamnyanyua," mama akasema.

"Hata kama hataki?"

"Hata kama hataki. Kwa mti na kamba."

"Kwa nini sasa msimwache apumzike, maskini ya Mungu?"

"Akizoea chini haamki."

"Eeh," mzee akasema, akawa anajishika magoti kama anataka kuondoka. "Kumbe mnajua. Ng'ombe mmewatembeza kutoka Shinyanga mpaka huku, nyie wenyewe mkiumwa mnalala kama magunia."

Mama alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu upasuaji, na alijishika kidonda akicheka. Kesho yake alifika bombani na kurudi, mimi nimemshika kiwiko, mama mdogo amesimama mlangoni analia kwamba watu watasema hatumtunzi dada yake.

Mzee akasema na yeye ataanza. Karatasi anayo, na dada yule yule alimwambia hivyo hivyo. Lakini mwanaume na mwanamke kuongozana kila asubuhi barabarani, watu wana midomo. Kwa hiyo walipatana. Saa kumi na mbili na nusu wanasalimiana pale getini, yeye na fimbo yake na gambuti zake, mama na raba zangu za shule. Halafu mama na mimi tunaelekea msikitini, yeye anaelekea stesheni. Jioni anakuja, tunaandika.

Daftari ni hili hili. Nilipiga mstari katikati, kushoto mama, kulia mzee. Mama, bombani. Mzee, hadi kwenye kalavati. Mama, bombani mara mbili. Mzee, hadi mashineni. Siku mama alipofika kwa fundi cherehani, mzee alisema amefika stesheni, amegusa reli kwa fimbo, na reli ilikuwa ya baridi. Reli ilikuwa ya baridi. Mwongo gani anafikiria kitu kama hicho.

Siku ambazo mama alikuwa hataki, na zilikuwa nyingi, hasa siku ya tatu baada ya dripu, nilikuwa simpigii tena kelele. Nilikuwa namsomea upande wa kulia tu. Anakaa anavaa raba. "Mzee mwenye umri ule anagusa reli," anasema, "mimi nani."

Na mwili ulijibu, hilo siwezi kumnyima mtu yeyote. Alianza kulala usiku. Alianza kuulizia ugali mwenyewe. Choo kilichokuwa kinamtesa kikalegea. Ukutani kwetu kuna alama za mkaa za vidole vyake, kila wiki alama imepanda, na wiki iliyopita amefika ilipo misumari ya kalenda, akajifunga kilemba mwenyewe. Kule hospitali daktari alimwambia anaibeba dawa vizuri. Ugonjwa bado upo, dripu bado zipo, kuna siku anatapika mpaka machozi yanatoka. Lakini mtu aliyekuwa godoroni siye huyu.

Jioni mzee alikuwa anauliza sana. Leo umefika wapi? Kifua hakikubana? Usiku ulilalaje? Lile kovu, halijavimba tena? Hakuna uvimbe mpya mahali? Anauliza polepole, anasubiri jibu mpaka mwisho. Nilimpenda kwa maswali yale. Niliandika humu, nenda nyuma kurasa kumi utaona, kwamba ndugu wa damu hawaulizi hivyo.

Kitu kimoja tu nilikiona nikakiacha. Mvua hizi zote, raba zangu zilikuwa zinarudi nyekundu kwa tope, tunazikwangua kwa kijiti. Gambuti zake zilikuwa safi. Nilimuuliza, akasema mtu wa msituni anajua pa kukanyaga. Nikaona ni hekima.

Leo asubuhi mama alisema anataka kwenda mwenyewe. Bila mimi. Nilimwangalia akipotea kwenye kona ya msikiti, na kwa kuwa nilikuwa sina kazi nikachukua baiskeli yenye pancha nikaipeleka kwa fundi. Kijiwe cha fundi baiskeli kiko upande wa stesheni, nyumba ya sita kutoka kwetu, mara tu ukivuka mfereji. Sikuwa nimepita huko asubuhi tangu tuanze.

Mzee wa asali alikuwa amekaa kwenye benchi la fundi, mgongo ukutani, kikombe cha tangawizi mkononi. Fimbo imeegemezwa. Gambuti safi.

"Babu."

Akageuka. "Mjukuu. Baiskeli imefanyaje?"

"Stesheni ndiyo hapa?"

Fundi akacheka, hakujua. "Stesheni gani, dada? Mzee hata ile nguzo ya umeme haifikii. Huyu ndiye mwenyekiti wetu. Anafika asubuhi, anapiga tangawizi yake, jua likipanda anarudi zake."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua zianze. Kuna tatizo?"

Nikamwambia fundi hakuna tatizo. Sauti yangu mwenyewe ilinishangaza.

Mzee akasema, "Niliambiwa, mjukuu. Kwamba huu ugonjwa damu ikienda mbio inausambaza mwili mzima. Aliniambia mtu aliyemzika kaka yake."

"Karatasi nilikusomea mimi. Mara mbili."

"Niliisikia."

"Na dada wa hospitali ulimsikia."

"Nilimsikia."

"Sasa kama hukuamini, mama yangu ulimtoa godoroni wa nini?"

Akapuliza tangawizi, hakuinywa. Fundi akaacha kupiga pampu. Mimi ndiye nisiyeweza kusubiri, lakini pale nilisubiri.

"Mzinga mmoja kwanza," akasema.

Niliuliza tena, kwa sababu nilitaka alirudie nimsikie vizuri. Hakurudia. Akasema, "Nilitaka nione."

"Uone nini? Akianguka?"

"Hakuanguka. Mzinga umejaa, nimeuona kwa macho yangu. Nilisema wiki iliyopita nianze na mimi."

"Wiki iliyopita umefanya nini?"

"Miguu imekataa."

Akaweka kikombe chini, akashika bega la fundi, akajaribu kusimama anionyeshe. Alifika nusu, akarudi. Fundi akasema siku hizi anamnyanyua yeye, akishasimama anajikongoja na fimbo. Mapaja yake yameisha ndani ya suruali. Zile gambuti ni kama hazina mtu. Alinitazama vile vile alivyokuwa ananitazama nikiwa na kijiko mdomoni, na kwa mara ya kwanza nikaona ile siyo subira. Ni woga. Mzee anayelala Ugalla peke yake na fisi, anaogopa, na miaka yote amekuwa akiweka mtu mwingine mbele.

Akaninyooshea mkono nimsaidie. Sikuushika. Nilichukua baiskeli yangu na pancha yake nikaondoka.

Mama alirudi amejaa jasho na furaha. Amevuka msikiti, amefika mpaka kwenye mti wa pili, peke yake. Mchana mama mdogo alipoenda mashineni kusaga, mama akachukua maharage ya kuchambua, akasema, "Andika basi. Na mzee, huko kwa fundi umemwona? Leo kafika wapi?"

Kalamu ilikuwa mkononi. Ningeweza kuandika stesheni. Niliogopa nikimwambia atarudi godoroni, maana upande wa kulia ndio uliokuwa unamvalisha raba. Lakini siwezi kuandika uongo kwa mwandiko wangu nikijua ni uongo. Uliopo humu unatosha. Nikamwambia yote, mpaka mzinga.

Hakucheka. Aliendelea kuchambua, kwa mkono ule wa kushoto, anatoa vijiwe anaviweka pembeni. Kisha akasema, "Kwa hiyo mimi ndiye niliyetangulizwa."

"Ndiyo, mama."

"Angeniambia." Akatoa kijiwe kingine. "Ningeenda hivyo hivyo. Lakini ningejua naenda peke yangu."

Nilitaka amtukane. Nilikuwa na matusi tayari, nilitaka mwenzangu tu. Akauliza, "Ulipoondoka alikuwa amesimama?"

"Amekaa. Alishindwa."

"Ukamwacha."

"Nikamwacha."

Hakusema nimefanya vizuri wala vibaya. Alisema mdogo wake asijue, basi. Halafu akaniambia nichukue zile raba nizisogeze karibu na jiko, zisije zikawa bado mbichi asubuhi.

Kwa hiyo mama kesho anaenda. Nimezigeuza mara mbili, zimekauka.

Mzee sijamsamehe, na daftari hili nitalilalia, mama mdogo asije akachungulia tena. Ule upande wa kulia nimeupiga mstari wa kalamu nyekundu, wote, mpaka ile reli ya baridi. Lakini nimekaa nafikiria baba yangu, alipokuwa hai, alivyokuwa ananyanyua ng'ombe. Hakuwa anambembeleza. Hakumpa hata jina zuri. Alikuwa anamtukana huku anamfunga kamba, na hakuondoka mpaka miguu yote minne iwe chini.

Kesho nitaamka saa kumi na moja na nusu, kabla mzee hajatoka kwake. Nitaenda kwa fundi baiskeli, nitachukua lile benchi. Fundi akikataa nitamwachia baiskeli rehani. Nitalibeba kichwani mpaka kwenye ile nguzo ya umeme ambayo mzee haifikii, niliweke hapo, nikae juu yake nimsubiri. Akija atakuta pa kukaa hamna. Sitamshika mkono na sitamwamkia. Akitaka kukaa, atanifuata. Keshokutwa benchi litakuwa kwenye nguzo ya pili.